Nani Huiamsha Hamira? Maisha ya Jacques Monod

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ni kweli, lakini mimi naongeza kwamba kuulizwa ukakosa jibu mbele ya shule nzima kunauma kama pilipili machoni. Yaliyonipata katika mjadala wa chama chetu ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Basi nivumilieni niyaeleze kwa ufupi kabla sijaingia katika maisha ya mtu niliyemkusudia.

Mtaukumbuka ule mjadala wa Ijumaa jioni, uliosema kwamba Kiswahili hakitoshi kufundishia sayansi. Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande wa upinzani. Nilijitayarisha barabara, nikamwaga methali mpaka watu wakapiga meza. Kumbe kuna mtu alikuwa amekaa kimya akinisubiri kama paka amsubirivyo panya! Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alisimama akiwa na kijipakiti cha hamira alichokiomba jikoni. Akaeleza kwamba hamira ile ilikuwa imelala usingizi wa pono, lakini mpishi akiitia katika maji ya uvuguvugu yenye sukari itaamka na unga utaumuka. Halafu akataka nieleze kwa Kiswahili, tena papo hapo, kiumbe kisicho na macho wala ubongo kinajuaje saa ya kuanza kutengeneza protini zake na saa ya kuacha. Lo! Nilisimama kama mlingoti. Tulishindwa kwa kura 11.

Usiku ule sikupata usingizi, na nilipowaza sana nikagundua jambo moja. Si Kiswahili kilichoshindwa, ndugu zangu. Ni mimi niliyekuwa silijui jambo lenyewe, na hata kwa Kiingereza nisingekuwa na la kusema. Mwalimu wetu wa Biolojia aliponiona nimenywea, aliniazima vitabu viwili akaniambia nianze na Mfaransa mmoja aliyefariki mwaka 1976, kwa sababu swali la mwenzetu lilikuwa karibu sana na swali la maisha yake. Huyo ndiye Jacques Monod. Kazi yake kubwa aliifanya kwa bakteria, wala si kwa hamira, lakini yeye na wenzake ndio waliotufungulia njia ya kuliuliza swali la hamira vizuri. Hamira yenyewe tutaifikia mwishoni, msiwe na pupa.

Monod alizaliwa jijini Paris tarehe 9 Februari 1910. Baba yake alikuwa mchoraji aliyependa sana kusoma, na miongoni mwa aliowasoma ni Charles Darwin. Mama yake alikuwa Mmarekani kutoka Milwaukee. Kijana alikulia Cannes, mji wa kusini mwa Ufaransa kando ya bahari. Ugonjwa wa polio ulimpata utotoni ukamwachia mguu mmoja dhaifu. Lakini msidhani kwamba alikaa kitako akijihurumia! Alipanda majabali, akaendesha mashua za tanga, na akajifunza kupiga fidla kubwa iitwayo selo. Muziki aliupenda hata ikawa shida, kwa maana kwa miaka mingi hakujua kama awe mwanasayansi au mwongozaji wa kwaya na okestra.

Mwaka 1928 alirudi Paris kuingia chuo kikuu, na mwaka 1931 akapata shahada yake ya kwanza. Hapo akaona kwamba biolojia aliyofundishwa darasani ilikuwa imeachwa nyuma na dunia. Elimu aliyoitaka aliipata kwa watu waliomtangulia kidogo kwa umri. Georges Teissier alimfundisha kupima na kuhesabu. André Lwoff alimwonyesha vijidudu. Louis Rapkine alimwambia kwamba hakuna kuujua uhai bila kujua kemia yake. Na Boris Ephrussi alimfungulia mlango wa elimu ya jeni. Mkumbukeni huyu Ephrussi, kwa sababu baadaye yeye mwenyewe alizama katika kuchunguza urithi wa hamira.

Tena Ephrussi huyo huyo ndiye aliyemwokoa Monod bila kujua. Ilikuwa hivi. Mwaka 1934 Monod alisafiri hadi Greenland katika meli ya utafiti iliyoitwa Pourquoi-Pas?, maana yake Kwa Nini Isiwe. Mwaka 1936 alikuwa tayari kusafiri nayo tena. Ephrussi akamsihi aiache safari ile, waende pamoja Pasadena, katika jimbo la California, kwenye chuo cha Caltech, wakajifunze jeni katika maabara ya Thomas Hunt Morgan. Monod akakubali shingo upande. Mwezi Septemba mwaka ule ile meli ikapigwa na dhoruba karibu na Iceland ikavunjika. Kati ya wote waliokuwamo akapona mtu mmoja tu. Mimi nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza nikatazama dirishani. Mtu anakwenda kusoma kumbe anakimbizwa na mauti!

Huko Marekani kusema kweli hakufanya makubwa maabarani. Alishughulika zaidi na muziki, akawaongoza watu kuimba nyimbo za Bach, akarudi nyumbani mikono mitupu. Ninalitaja hili makusudi kwa wale wenzangu waliopata alama mbaya muhula huu. Mtu huyu alikuwa na umri wa miaka 26 na bado hajajua afanye nini. Mvumilivu hula mbivu.

Mwaka 1938 alimwoa Odette Bruhl, mtaalamu wa sanaa za kale za Tibet na Nepal, na mwaka uliofuata wakapata mapacha, wavulana wawili. Ndipo vita vikaja. Mwezi Juni 1940 majeshi ya Hitler yaliingia Paris. Odette alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, na mnajua Wanazi waliwafanyia nini Wayahudi. Kwa familia ile hatari haikuwa habari ya gazetini, ilikuwa inabisha hodi mlangoni.

Katika siku hizo za njaa na hofu, Monod alikuwa chuoni Sorbonne akiandika tasnifu yake juu ya ukuaji wa bakteria. Aliwapa chakula, akawapima kila baada ya muda, akachora mistari kwenye karatasi. Alipowapa sukari ya aina moja, mstari ulipanda sawasawa mpaka sukari ikaisha. Alipowapa sukari za aina mbili pamoja, mara nyingine aliona jambo la ajabu. Mstari ulipanda, ukasimama kana kwamba bakteria wamepumzika, kisha ukapanda tena. Walikula sukari moja ikaisha kabisa, wakatulia kwa muda, halafu ndipo wakaanza ya pili. Ni kama mtoto aliyewekewa nyama na sukuma kwenye sahani moja. Anamaliza nyama kwanza, anaangalia sukuma kwa muda, mwishowe njaa inamlazimisha.

Monod alimpelekea Lwoff mistari yake kuuliza maana yake. Lwoff akamwambia huenda ni mambo ya vimeng'enya, yaani zile protini zinazofanya kazi za kemia ndani ya seli. Ilikwisha kujulikana tangu zamani, tena kwa hamira, kwamba kuna vimeng'enya ambavyo seli huvitengeneza pale tu chakula chake kinapokuwapo. Monod alikuwa hajawahi kulisikia jambo hilo. Hakuona haya kuuliza, na swali alilotoka nalo siku ile hakuliacha tena. Je, sukari ile ya pili huifundisha seli kutengeneza kimeng'enya kipya, au seli ilikuwa na ujuzi huo tangu mwanzo na sukari huuamsha tu?

Tasnifu yake ilikubaliwa mwaka 1941, ingawa mkubwa mmoja wa pale chuoni aliona kwamba kazi hiyo haina faida kwa Sorbonne. Huyo naye tumsamehe, hakujua.

Wakati huo Monod alikuwa ameanza maisha ya pili, ya siri. Alijiunga na wapiganaji wa chini kwa chini waliopinga utawala wa Wajerumani, akatumia jina la bandia la Malivert. Karibu na maabara yake palisimama mifupa ya twiga, na inasimuliwa kwamba alificha karatasi za siri ndani ya mifupa ya miguu yake iliyo wazi katikati. Nani angemshuku twiga? Wenzake walipokamatwa, aliacha kulala nyumbani na kuonekana Sorbonne, akajibanza katika maabara ya Lwoff kwenye Taasisi ya Pasteur na kuendelea na majaribio yake humo. Odette na watoto walikaa nje ya mji. Monod alipanda cheo mpaka akawa miongoni mwa wakuu wa mipango ya majeshi ya ndani ya Ufaransa, akashiriki kupanga ukombozi wa Paris wa mwezi Agosti 1944. Vita vilipokwisha alipewa nishani na Ufaransa na Marekani, akarudi kwenye chupa zake za bakteria.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapompenda zaidi. Kupigana na adui ni kazi ngumu, lakini kupingana na rafiki ni ngumu zaidi. Wakati wa vita Monod alikuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti, kwa kuwa wengi wa wapiganaji wenzake walikuwa humo. Alikiacha vita vilipokwisha. Sasa huko Urusi kulikuwa na mtaalamu wa kilimo aitwaye Trofim Lysenko, aliyedai kwamba jeni ni uongo, na kwamba ukiibadilisha hali ya mmea, mmea hujifunza na kuwarithisha watoto wake mafunzo hayo. Stalin alimuunga mkono. Wataalamu wa jeni walifukuzwa kazi, wengine wakafungwa. Nikolai Vavilov, bingwa wa mbegu aliyewahi kufika hata Ethiopia kukusanya ngano, alikufa gerezani mwaka 1943. Mwezi Agosti 1948 elimu ya jeni ikapigwa marufuku rasmi katika nchi ile, na magazeti ya Kikomunisti ya Ufaransa yakashangilia.

Monod hakunyamaza. Mwezi Septemba 1948 aliandika katika gazeti la Combat kueleza wazi kwamba Lysenko hana ushahidi, na kwamba ameshinda kwa nguvu za serikali wala si kwa ukweli. Marafiki wa zamani walimgeuka. Yeye akapata marafiki wengine, mmoja wao akiwa mwandishi Albert Camus.

Lakini tazameni mtego uliokuwapo! Bakteria wake, kwa kuwaangalia juu juu, walifanana na hadithi ya Lysenko. Waonyeshe sukari mpya, nao kana kwamba wamejifunza kuila. Mtu wa hila angeweza kuichukua kazi ya Monod na kuifanya ushahidi wa uongo. Kwa hivyo lile swali la sukari halikuwa tena la maabarani tu. Ilimbidi ajue kwa hakika ni nani mwenye amri, sukari au jeni.

Ilimchukua zaidi ya miaka 10. Walimtumia bakteria aishiye matumboni mwetu, Escherichia coli, na sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Kwanza, yeye na wenzake walitumia salfa yenye mnururisho kama alama, wakathibitisha kwamba laktosi inapoingia kimeng'enya hutengenezwa upya kabisa, wala si kitu cha zamani kilichokunjwa kwa umbo jipya. Halafu wakakusanya bakteria wenye hitilafu katika jeni zao. Wengine hawakuweza kutengeneza kimeng'enya hata walishwe laktosi kutwa kucha. Wengine, ajabu, walikitengeneza wakati wote hata laktosi isipokuwapo. Hawa wa pili walikuwa kama bomba la shule lililoharibika koki, maji yanamwagika mchana na usiku. Basi kumbe kuna jeni ya kutengeneza, na kuna jeni nyingine ya kufunga na kufungua!

Mwenziwe katika kazi hii alikuwa François Jacob. Jacob alitaka kuwa daktari wa upasuaji, lakini mwaka 1944 alijeruhiwa vibaya vitani huko Normandy, na ndoto ile ikafa. Mwaka 1950 aliingia katika maabara ya Lwoff, juu kabisa chini ya paa la Taasisi ya Pasteur. Yeye alichunguza virusi vinavyolala ndani ya bakteria na kuamka ghafla, huku Monod akiendelea na sukari yake. Kila mmoja alidhani lake ni lake.

Mwaka 1957 alikuja Mmarekani Arthur Pardee, na watatu hao wakafanya jaribio ambalo nililisoma mara nne ndipo nikalielewa. Bakteria huweza kupeana jeni, mmoja akimpitishia mwenziwe. Wakachukua bakteria asiye na jeni nzima ya kimeng'enya wala ya kufunga, wakampitishia zote mbili zikiwa nzima. Ndani ya dakika chache tu alianza kutengeneza kimeng'enya kwa kasi, bila laktosi. Lakini muda ulipopita, saa moja na zaidi, akaacha. Tangu hapo hakutengeneza tena mpaka alipotiliwa laktosi.

Maana yake nini? Fikirini lango la shule. Mwanzoni lango liko wazi na hakuna askari, watu wanaingia tu. Baadaye askari anaajiriwa, anafunga. Ile jeni ya pili hutengeneza askari, yaani protini inayokaa juu ya DNA na kuizuia jeni ya kimeng'enya isisomwe. Laktosi inapofika haiamuru wala haifundishi lolote. Kazi yake ni kumshika askari mkono na kumwondoa langoni. Monod alikuwa ameamini kinyume chake kwa miaka mingi, kwamba sukari ndiyo inayosukuma kazi ianze. Ushahidi ulipomkataa, aliiacha imani yake. Mtu aliyemkemea Lysenko kwa kupuuza ushahidi hakuwa na njia nyingine, na wala hakuitafuta.

Jumapili moja ya mwezi Julai 1958 Jacob alikuwa sinema na mkewe. Filamu ikiendelea, yeye mawazo yake yakaenda mbali, na ghafla akaona kwamba virusi vyake vinavyolala na kimeng'enya cha Monod ni jambo moja. Vyote vimefungwa na askari, vyote huamka askari akiondoka. Monod alipoelezwa hakukubali mara moja. Walibishana wiki nyingi ubaoni, mmoja akijenga na mwingine akibomoa, mpaka kilichobaki kikawa imara. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Likabaki fumbo moja. Jeni iko kwenye DNA, na protini hutengenezwa kwingine, na vijidude viitwavyo ribosomu. Ujumbe hufikaje, tena kwa dakika chache? Wakasema lazima pawe na mjumbe wa muda mfupi, nakala inayoandikwa, ikatumiwa, kisha ikachanwa. Mwaka 1960 Jacob alikwenda Caltech pamoja na Sydney Brenner, ambaye ni mwana wa Afrika, mzaliwa wa mji wa Germiston huko Afrika Kusini. Wakishirikiana na Matthew Meselson, walimpata mjumbe huyo. Leo tunamwita RNA mjumbe. Mwaka 1961 Jacob na Monod walichapisha nadharia yao nzima, na mwaka 1965 wao wawili pamoja na Lwoff wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fisiolojia na Tiba.

Nitamalizia maisha yake kwa haraka. Mwaka 1970 alitoa kitabu juu ya bahati na ulazima katika uhai, kikasomwa na watu wasiowahi kuingia maabara. Mwaka 1971 alikubali kuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Pasteur, iliyokuwa na shida kubwa ya fedha, akaacha majaribio yake ili kuiokoa. Mwaka 1972 Odette alifariki. Yeye mwenyewe alishikwa na ugonjwa wa damu, akarudi Cannes alikokulia, akafia huko tarehe 31 Mei 1976 akiwa na umri wa miaka 66.

Sasa turudi kwa hamira, kama nilivyoahidi. Monod alipenda kuamini kwamba sheria aliyoiona kwa bakteria ingefaa hata kwa wanyama wakubwa. Hamira imetuonyesha kwamba alipatia, lakini si kwa yote. Hamira ni seli moja tu, lakini ina kiini kama seli zetu. Mwaka 1996 wataalamu walimaliza kuisoma DNA yake yote, herufi kama milioni 12 zenye jeni kama 6,000. Nayo ina malango ya kufunga na kufungua jeni. Lakini ina lango jingine la baadaye, pale ambapo nakala imekwisha toka kwenye kiini na ribosomu iko tayari kuisoma. Hapo ndipo swali la saa ya kuanza linapopata jibu lake.

Katika hamira, ribosomu hushika nakala kichwani, ikatembea herufi kwa herufi mpaka ikutane na alama ya mwanzo, herufi tatu A, U na G. Fred Sherman na wenzake mjini Rochester, Marekani, walilichunguza hilo katika miaka ya 1970 kwa hamira zenye hitilafu pale pale kwenye alama. Lakini ribosomu haiwezi kuanza bila kuwa na kibali, yaani mzigo unaoletea asidi ya amino ya kwanza. Sasa kuna jeni moja iitwayo GCN4, ambayo Alan Hinnebusch ameichunguza tangu miaka ya 1980. Nakala yake ina mianzo minne ya uongo kabla ya mwanzo wa kweli. Hamira ikishiba, vibali ni tele. Ribosomu ikimaliza mwanzo wa uongo wa kwanza hupata kibali kingine upesi, huanza tena kwenye mwanzo mwingine wa uongo, na hapo huachia nakala. Haifiki mbali.

Hamira ikikosa asidi za amino, protini iitwayo Gcn2 huigundua njaa hiyo na kufanya vibali kuwa haba. Kazi nyingi za kutengeneza protini hupungua. Lakini kwenye nakala ile moja mambo hugeuka. Ribosomu hutembea bila kibali, ikapita mianzo ya uongo kama matatu inavyopita steji isiyo na abiria wa kushuka, na inapopata kibali iko mbele ya mwanzo wa kweli. Protini ya Gcn4 hutengenezwa, na yenyewe huenda kuziamsha jeni za kutengeneza asidi za amino zilizokosekana. Ile njaa inayozima kazi nyingine ndiyo inayoiwasha hii moja. Na sisi wanadamu tunayo Gcn2 yetu, inayofanya kazi kwa namna hiyo hiyo.

Basi ewe mwenzangu wa kidato cha nne, jibu lako ndilo hili, ingawa nimechelewa. Vimeng'enya vya kuvunja sukari hamira ya pakitini ilikuwa navyo tayari, ndiyo maana unga huumuka mapema. Lakini protini mpya huanza au hungoja kufuatana na malango haya mawili, la kunakili jeni na la kuanza kusoma nakala. Maji na sukari haviifundishi hamira kitu. Hufungua tu kilichokuwamo ndani yake tangu mwanzo.

Nimekieleza kisa hiki kwa Kiswahili nikikopa maneno machache, kama Waingereza nao walivyokopa kwa Wagiriki na Walatini bila kuona haya. Wala sina kinyongo na aliyeniuliza. Nikifikiri vizuri, pakiti yake ya hamira haikunifundisha lolote jioni ile. Ilimwondoa tu askari aliyekuwa amelala langoni mwa kichwa changu. Ombi langu kwa mwenyekiti wa chama ni kwamba mjadala ule urudiwe. Nami naomba niwe tena msemaji wa kwanza wa upinzani, na hamira naomba iletwe.